Rais unayemkumbuka, ulimjua kweli?

Kwa miaka mingi nilikuwa na sentensi yangu moja ya kumalizia mabishano: "Enzi zile bwana, tulikuwa na rais." Bei zikipanda, naitoa. Waziri akiropoka, naitoa. Ni sentensi tamu kwa sababu haina mpinzani. Aliyepo utamsema mchana kutwa, lakini marehemu nani atamgusa?

Aliyenikomesha ni mama. Alikuwa anakunja nguo huku sisi tukibishana, na kwa kawaida siasa hana habari nazo. Akaniuliza bila hata kuinua uso: "Huyo unayemsifu, alipoondoka madarakani ulikuwa na miaka mingapi?" Nikapiga hesabu. Sita. "Basi ulikuwa bado unabebwa," akasema. "Aliyebebwa ataujuaje urefu wa safari?" Akarudi kwenye mashuka yake.

Usiku ule nikachukua karatasi niandike kila ninachokikumbuka kuhusu rais yule. Nikapata sauti yake redioni, picha yake juu ya ubao wa darasani, wimbo wa kumsifu, na siku tuliyopangwa barabarani kumpungia vibendera, msafara ukapita kwa kasi nisione hata kiwiko cha mtu. Uamuzi wa serikali yake sikuweza kuutaja hata mmoja. Kumbe nilichokuwa nakililia ni utoto wangu, wakati ada ilikuwa shida ya mtu mwingine na kodi ya nyumba vilevile. Jaribu karatasi hiyo kabla ya mjadala wako ujao. Inaaibisha kidogo, lakini inasaidia.

Baada ya hapo nikaanza kusoma habari za marais wanaosifiwa sana, hasa walivyosemwa wakati wakiwa bado wanatawala. Kwame Nkrumah, rais wa kwanza wa Ghana, ndiye aliyenishika zaidi. Leo hata asiyejua Ghana iko upande gani wa Afrika atakuambia yule ndiye alikuwa kiongozi. Lakini tarehe 24 Februari 1966, alipopinduliwa akiwa safarini Asia, watu waliingia mitaani Accra wakicheza, na sanamu yake ikaangushwa. Hawakuwa wendawazimu. Bei ya kakao ilikuwa imeporomoka, bidhaa zimeadimika, sheria ya 1958 ikiruhusu mtu kufungiwa bila kesi, na tangu 1964 chama kilikuwa kimoja tu. J. B. Danquah, aliyekuwa naye mwanzoni kabisa mwa harakati za uhuru, alifia kizuizini mwaka 1965. Upande wa pili, bwawa la Akosombo, linalozalisha umeme hadi leo, lilizinduliwa Januari 1966, mwezi mmoja tu kabla ya mapinduzi. Waliocheza barabarani walikuwa wameshalipa gharama na hawajaonja faida. Sisi tunaona faida, na gharama hatukulipa.

Sanamu ile iliyovunjwa sasa imewekwa kwenye bustani ya makumbusho yake Accra, kiwiliwili mahali pake na kichwa peke yake pembeni. Napenda kwamba hawakuiunga. Babu na mjukuu wanaweza kusimama mbele yake, wakasema maneno yanayopingana, na wote wawili wakawa wakweli.

Harry Truman wa Marekani yeye hakupinduliwa, ila Februari 1952, akiwa rais, shirika la Gallup lilipowauliza Wamarekani, ni asilimia 22 tu walioridhika na kazi yake. Leo wanahistoria wa kwao mara nyingi humweka kwenye kumi bora. Na alifariki 1972, kwa hiyo si yeye aliyejirekebisha.

Kosa ninaloliona kila siku ni kumweka mtu aliye katikati ya kazi karibu na mtu ambaye tayari ameshaandikiwa wasifu. Mmoja tunamwona na jasho lake, mwingine tunamwona kwenye noti. Siku hizi mtu akinilinganishia, namuuliza: mwaka gani na mwaka gani? Kama aliyepo yuko mwaka wa tatu, tafuta mwaka wa tatu wa yule mwingine, usome malalamiko ya wakati ule. Na kama huyapati, usikimbilie kusema hayakuwepo. Penye redio moja na gazeti moja, vyote vya serikali, manung'uniko yaliishia vyumbani. Leo kila mwenye simu anasikika, tunaona kelele zimezidi na kudhani uovu ndio umezidi. Huenda umezidi kweli, lakini kelele peke yake si kipimo.

Kuna na suala la ukubwa wa mzigo. Sensa ya Tanzania ya 1967 ilihesabu watu milioni 12 na ushee. Ya 2022 ilikaribia milioni 62. Madarasa na vitanda vya hospitali vya hesabu ile si vya hesabu hii. Simtetei aliyepo, naye ana kodi na vyombo ambavyo wa kwanza hakuviota. Nasema tu mizani ina mawe tofauti.

Je, tusilinganishe kabisa? Hapana, hiyo nayo ni njia ya kuwafurahisha wakubwa. Linganisha, ila acha mtu, shika jambo. Badala ya kuugua "angekuwepo Mwalimu", uliza Azimio la Arusha la 1967 lilisema nini kuhusu viongozi. Lilisema kiongozi asiwe na mishahara miwili, asimiliki nyumba za kupangisha, asiwe na hisa katika makampuni. Masharti hayo yalilegezwa na kikao cha CCM kilichofanyika Zanzibar mwaka 1991. Hapo umepata swali ambalo mbunge aliye hai anaweza kuulizwa: yarudishwe, ndiyo au hapana? Na unaweza kuyataka masharti hayo bila kuitamani sheria ya kizuizini ya 1962 iliyotumika chini ya uongozi huohuo. Mtu huja mzima na kila chake, lakini sheria unaweza kuchagua.

Tena ukishika jambo, unawanyima kazi wale wanaopanda jukwaani na jina la marehemu. Nimewasikia wa vyama vyote. Wanamnukuu kwa sauti yake, mpaka kikohozi, halafu wanaomba kura zao. Marehemu hana namna ya kusimama akasema, "Huyu simjui."

Juzi mpwa wangu, kijana wa juzijuzi tu, alikuwa akimponda rais aliyepo. "Bora hata yule aliyetangulia, mjomba. Yule alikuwa mtu." Nikatabasamu, maana kundi la familia la WhatsApp halisahau. Nikarudi nyuma miaka minne, nikapata ujumbe wake wa usiku wa manane, herufi kubwa tupu, akimwombea mtu yuleyule mambo ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nikampa simu. Akausoma mara mbili, akakuna kichwa.

"Hapa nilikuwa na hasira tu," akasema. "Mjomba, hebu nifutie."