Mguu wa Propela: Ung'olewe Kila Mwaka?

SWALI: Ndugu Mhariri, boti yangu ina MerCruiser Alpha One, yaani injini iko ndani na mguu wa propela uko nje nyuma. Fundi hutaka kuung'oa mguu wa propela kila mwaka ilhali ni mzima. Je, kuna haja?

JIBU: Ipo, hasa kwa boti ya maji ya chumvi, na fundi wako hakuibii. Boti ikiwa nchi kavu, huweka gia ya mbele, hufungua nati sita na kuuvuta mguu nyuma. Ndipo huzungusha kwa kidole beringi inayoshikilia shafti ya mguu, ambayo ikikwaruza hubadilishwa, na kukagua mpira wa mikunjo unaokinga krosi (kiungo kinachopinda cha shafti), kwani ukipasuka maji huingia na boti yaweza kuzama. Kabla ya kuurudisha, fimbo ya kupimia mlingano wa injini na mguu sharti iingie kwa kusukumwa na vidole viwili tu. Kisha meno ya shafti hupakwa grisi, gasketi huwekwa mpya na nati hukazwa kwa Nm 68 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza).