Fundi ajibu: Bamba la gari la deraya

Shikamoo fundi. Nikipasha bamba la kawaida la milimita 6 likawa jekundu, nikalitosa majini, litazuia risasi? Kijana wa Shimanzi

Marahaba mwanangu. Usijaribu. Bamba hilo lina kaboni haba, kwa kawaida chini ya asilimia 0.25, na kaboni ndiyo inayoipa feleji ugumu inapotoswa. Feleji ya deraya huzidishiwa kaboni kidogo, ikachanganywa na manganizi, kromiamu, nikeli au molibdeni ili ugumu ufike hadi kiini cha bamba. Ile ngumu sana hufikia takriban 500 kwa kipimo cha ugumu kiitwacho Brineli. Lako, linapotoka dukani, liko karibu na 130. Usimuuzie mtu ukaiita kinga.

Nasikia kiwandani bamba likishatoswa hurudishwa motoni. Si ni kuharibu kazi? Msomaji, Likoni

Hapo ndipo kazi inapokamilika! Moto wa kwanza hukaribia nyuzi 900. Likitoswa ghafla, kaboni hunaswa ndani, chembe za chuma zikakazana. Bamba huwa gumu ila hupasuka kama kigae. Moto wa pili, karibu nyuzi 200 kwa yale magumu sana, hulipunguzia mkazo bila kulilegeza mno.

Jionee kwa tindo la springi ya lori. Pasha ncha mpaka sumaku isishike, zidisha kidogo, tosa kwenye mafuta. Isugue kwa msasa ing'ae, kisha ipashe polepole kutokea nyuma. Rangi zitatambaa: manjano, kahawia, zambarau. Zambarau ikifika nchani, izimishe. Nikiwa mwanagenzi niliuruka huo moto wa pili. Pigo la kwanza tu la nyundo, kipande kikanichana juu ya jicho.

Chumvi ya bahari hulegeza ugumu? Dereva, Mtongwe

Hapana. Hula unene. Paka rangi, kagua chini ya mikeka.

Nimechomelea bawaba za mlango wa gari la kubebea pesa. Mwenyewe ananilaumu. Fundi mwenzio, Changamwe

Ana haki, ndugu yangu. Moto wa kuchomelea huupita mbali ule moto wa pili wa kiwandani, kwa hiyo utepe kandokando ya mshono umelegea, ingawa kwa macho huoni tofauti. Tena vijiti vya kuchomelea vilivyoachwa wazi katika unyevu wetu huingiza haidrojeni, na ufa huweza kutokea siku moja au mbili baadaye. Watengenezaji huziba mishono kwa bamba jingine nyuma yake. Nyuma ya mlango huo wanaketi watu. Mwite mwenye gari leo umwonyeshe kila mahali ulipopitisha moto.