Ambulensi Marekani: ruhusa ya kutibu inatoka jimboni

Je, ruhusa ya kutibu ndani ya ambulensi Marekani inatoka serikali ya shirikisho? Hapana. Mhudumu wa ambulensi Marekani anatibu kwa sheria ya jimbo lake. Serikali ya shirikisho ilichangia msukumo na fedha: sheria ya usalama barabarani ya 1966, kisha ile ya 1973 ya kujenga mifumo ya huduma za dharura. Mwaka 1981 fedha hizo zikaingizwa kwenye ruzuku ya jumla na majimbo yakaachiwa kupanga yenyewe.

Sisi wahudumu wa ambulensi tulifundishwa hili mapema kabisa kwenye mafunzo, na ni jambo zito. Unapomchoma mtu adrenalini ndani ya gari linalokimbia, una leseni ya jimbo na miongozo aliyoidhinisha daktari msimamizi. Bila hivyo viwili, usiguse sindano. Ukivuka mpaka wa jimbo, leseni yako huenda isitambulike, ila yapo majimbo yaliyotia saini mkataba wa kutambuliana.

Anayedhani ruhusa hiyo ni ya shirikisho pengine anachanganya na sheria ya shirikisho ya 1986. Hiyo inazibana hospitali: zenye kitengo cha dharura na zinazopokea fedha za Medicare (bima ya afya ya serikali ya shirikisho, hasa ya wazee) lazima zimpime anayefika na kuimarisha hali yake, awe na pesa au hana.