Kope kuanguka na kuona viwili viwili ukiwa kwenye dawa ya baridi yabisi

Mkuu pole sana kwa bi mkubwa. Umeuliza kama kope kudondoka na kuona vitu viwili viwili inaweza kuletwa na hiyo penisilamini anayomeza kwa ajili ya viungo, jibu ni ndiyo inawezekana, mimi ilinikuta.

Mimi nilipewa baada ya metotreksati, dawa nyingine ya viungo, kunikataa, vipimo vya ini vilipanda. Vidole vikatulia vizuri tu, miezi ikapita ndo vituko vikaanza, asubuhi naamka mzima ikifika jioni kope ya kushoto inashuka yenyewe, bodaboda moja naiona mbili, nikila nyama taya linachoka kabla sijashiba mpaka nashika kidevu kwa mkono. Nyumbani wakasema ni baridi yabisi ileile, duka la miwani nao wakataka kuniuzia lenzi mpya!

Sasa angalia tofauti. Baridi yabisi inauma na inakaza asubuhi, ukijinyoosha inaachia. Hii haiumi, na kadiri unavyoutumia msuli ndo unavyozidi kuisha nguvu, ukipumzika zinarudi. Daktari wa neva aliniambia nitazame juu tu nisishushe macho, kope ikateremka mbele yake, akaweka barafu kama dakika mbili ikapanda. Damu ikaonyesha kinga ya mwili inashambulia vipokezi vya asetilikolini, pale neva inapoupa msuli amri ya kukaza. Inaitwa mayasthenia gravisi, na penisilamini inajulikana tangu miaka ya 1970 kuwaletea baadhi ya wanaoitumia. Nikapigwa na siti skani ya kifua, wanaangalia thaimasi, tezi ya kinga iliyo kifuani ambayo mara nyingine inahusika na ugonjwa huu.

Dawa ikasimamishwa ila daktari wa viungo na wa neva walipanga pamoja, kwa hiyo usimwachishe mwenyewe kienyeji. Nikaanzishwa piridostigimini, inakupa nguvu masaa machache halafu inakata, na tumbo linaendesha balaa, nilijua vyoo vyote vya mjini. Uzuri ni kwamba hii ya kuletwa na dawa mara nyingi huondoka ukishaacha, ila ni suala la miezi, na wapo ambao inabaki.

Kitu kingine watu hawakisemi, kuna dawa za kawaida kabisa zinaizidisha: kwinini, klorokwini na haidroksiklorokwini ambayo wagonjwa wengi wa viungo tunaandikiwa, antibayotiki kama sipro (siprofloksasini), azithromaisini na sindano ya jenta (jentamaisini), na propranolo ya presha na moyo. Yani mama akipata UTI duka la dawa watampa sipro bila kuuliza chochote. Mwandikie majina hayo kwenye karatasi akae nayo kwenye pochi, na kila anayemtibu aione kwanza.

Akianza kupaliwa na chakula, sauti ikawa ya puani au akilala chali pumzi hazitoshi, usisubiri tarehe ya kliniki, mkimbize emajensi usiku huohuo maana hapo ni misuli ya kupumulia inachoka.

Kwani penisilamini alianza lini, na kuna dawa gani nyingine anameza?