Maswali ya Wasomaji: Bajeti ikipungua, kodi ipandishwe au matumizi yakatwe?

SWALI: Ndugu Mhariri, assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Wete. Mtoto wa ndugu yangu anaishi Chicago, katika jimbo la Illinois nchini Marekani, na kila akipiga simu hulalamikia kodi ya mapato ya jimbo lake, ambayo anasema ilipandishwa mwaka 2011, ikateremshwa, kisha ikapandishwa tena mwaka 2017, na bado jimbo likabaki na madeni. Habari hiyo niliifikisha barazani kwetu, na tangu siku ile hatuna mazungumzo mengine baada ya sala ya alasiri. Upande mmoja unasema kuwa serikali iliyopungukiwa ifanye kama afanyavyo mwenye nyumba, yaani ijibane. Upande wa pili unasema kuwa mwenye nyumba hana uwezo wa kuwatoza majirani zake lakini serikali inao, basi na iwatoze zaidi wenye nacho. Naomba utuamulie, kwani baraza letu limekuwa kama Baraza la Wawakilishi lisilo na Spika.
Mwalimu mstaafu, Wete

JIBU: Wa alaykum salaam, na shikamoo, mwalimu wangu. Nianze na Illinois, kwa sababu aliyokueleza kijana wako ni kweli lakini ameiacha nusu iliyo muhimu zaidi.

Mwezi wa Januari 2011 jimbo hilo lilipandisha kodi ya mapato ya mtu binafsi kutoka asilimia 3 hadi asilimia 5. Sheria yenyewe ilikuwa ya muda, na ilipofika Januari 2015 kiwango kikashuka hadi asilimia 3.75. Mwaka huohuo aliingia madarakani gavana mpya, Bruce Rauner wa chama cha Republican, ambaye hakukubali kodi ipandishwe tena mpaka kwanza baraza la kutunga sheria, lililokuwa mikononi mwa chama cha Democratic, likubali mageuzi aliyoyataka. Baraza likakataa. Kuanzia Julai 2015 hadi Julai 2017 jimbo lote likaendeshwa bila ya bajeti kamili, huku kodi haijapandishwa na matumizi hayajakatwa kwa kiasi cha kuziba pengo.

Ndipo ilipotokea njia ya tatu, ambayo baraza lenu halikuitaja: kutolipa. Hospitali, vyuo vikuu, wazabuni na jumuiya zinazohudumia wazee na walemavu ziliendelea kutoa huduma na kupeleka ankara zao, na ankara zikawekwa pembeni. Kufikia Novemba mwaka 2017 malimbikizo hayo yalikuwa yamepindukia dola bilioni 16. Nakisi haikwenda popote; ilihama tu kutoka katika vitabu vya jimbo ikaingia katika madaftari ya watu waliokwisha kufanya kazi. Kibaya zaidi, sheria ya Illinois inaamuru ankara nyingi zilizocheleweshwa zilipwe pamoja na nyongeza ya asilimia 1 kwa kila mwezi, sawa na asilimia 12 kwa mwaka. Baraza la kutunga sheria lilipochoka kusubiri, mwezi wa Julai 2017 lilipitisha kodi ya asilimia 4.95 juu ya kura ya turufu ya gavana, na miezi michache baadaye jimbo likauza hati fungani za dola bilioni 6 kwa riba ya takribani asilimia 3.5 ili kulipa sehemu ya madeni yale ya asilimia 12. Kwa hiyo kodi anayoilalamikia kijana wako, kwa sehemu, inalipia miaka miwili ya watu wazima kununiana.

Sasa nirudi kwa mwenye nyumba wenu. Mfano huo una ukweli wake, kwani hakuna serikali inayoweza kutumia kuliko inavyopata milele. Lakini una kasoro moja kubwa. Mzee akiamua kuacha kunywa kahawa ya barazani ili aokoe fedha, hasara ni ya muuza kahawa, na muuza kahawa hakuwa akimlipa mzee chochote. Serikali haiko hivyo. Ikipunguza mishahara ya wauguzi, muuguzi hupunguza samaki sokoni, muuza samaki hupunguza nguo dukani, na mwenye duka ndiye aliyekuwa akiipelekea serikali kodi. Fedha zilizookolewa kwa mkono wa kulia zinapunguka tena kwa mkono wa kushoto, na ndiyo maana nakisi hukatwa mara tatu na bado ikaonekana.

Wataalamu wenyewe hawakubaliani, na ni vyema baraza lijue hivyo kabla ya kumcheka yeyote. Mwaka 2001, uchumi wa Marekani ulipodorora, wachumi Joseph Stiglitz na Peter Orszag waliandika kuwa kwa jimbo lililobanwa, kuwaongezea kodi wenye kipato kikubwa hakuumizi uchumi wa karibu kama kukata matumizi kunavyouumiza. Hoja yao ni nyepesi kueleweka: tajiri akitozwa shilingi mia, sehemu ataitoa katika akiba yake wala hatapunguza ununuzi kwa mia nzima, ilhali jimbo likiacha kununua bidhaa au huduma ya shilingi mia, mia yote imetoweka sokoni. Kwa upande wa pili, Alberto Alesina, mchumi Mtaliano aliyefundisha Harvard, alitumia miaka mingi kuchunguza nchi tajiri zilizoziba nakisi zao, na akaona kuwa zile zilizokata matumizi ziliumia kidogo kuliko zile zilizopandisha kodi.

Mimi naona wote wawili wanaweza kuwa sahihi, kila mmoja kwa mahali pake. Nchi alizozichunguza Alesina nyingi zina benki kuu zao. Shirika la Fedha la Kimataifa lilipolipitia jambo hilo mwaka 2010, lilieleza kuwa sababu mojawapo ya ukataji wa matumizi kuonekana mwepesi ni kwamba benki kuu zilikuwa na kawaida ya kuteremsha riba zaidi pale serikali ilipokata matumizi kuliko ilipopandisha kodi. Illinois haina benki kuu. Haichapishi dola, na kama majimbo yote ya Marekani isipokuwa Vermont, inabanwa, kwa namna moja au nyengine, na sheria ya kuwa na bajeti ambayo matumizi yanalingana na mapato. Na sisi je? Benki kuu na sarafu ni mambo ya Muungano. Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ina bajeti yake, ina Baraza lake la kuipitisha kila mwaka kabla ya tarehe 1 Julai, lakini haina shilingi ya kuichapa wala riba ya kuiteremsha. Ndiyo maana nasema Illinois inatufundisha zaidi kuliko inavyotufundisha serikali ya Washington.

Hata hivyo, tusiichukue hoja ya Stiglitz tukaipandisha boti ikiwa nzima. Visiwa vyetu vina jambo ambalo Illinois haina kwa kiasi hicho: shilingi yetu haikai. Mchele mwingi tunaoula unatoka nje, mafuta yote yanatoka nje, saruji na mabati vinapita bandarini. Kwa hiyo kuuliza tu “kodi au matumizi?” hakutoshi, mimi ningeuliza kuhusu kila shilingi inayogombaniwa, je, ingelikwenda wapi lau isingeguswa? Pensheni Jamii, iliyoanza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mkaazi aliyetimiza miaka 70, hutumika duka la jirani, sokoni na kwa wajukuu. Hata kama mchele anaoununua bibi umetoka mbali, faida ya muuzaji na ujira wa mchukuzi hubaki hapa. Gari jipya la mkurugenzi, mafuta yake, na safari ya ujumbe wa watu kumi kwenda kwenye mkutano ambao ungetosha mtu mmoja, ni fedha zinazoondoka kisiwani siku ileile zinapolipwa. Kukata fedha za aina ya pili hakumnyimi muuza pweza wa Wete hata senti. Upande wa kwanza wa baraza lenu ukiwa unakusudia hayo, mimi niko nao, na ningependa yaanze hayo kabla ya kodi yoyote kuguswa.

Shida ni kwamba serikali zinazojibana, kwetu na kwengine, mara nyingi hazianzi hapo. Huanza na barabara ambayo bado haijajengwa na matengenezo ya skuli, kwa sababu barabara isiyojengwa haina chama cha wafanyakazi na bati linalovuja haliandiki barua gazetini. Hicho mimi sikiiti kubana matumizi, kwa kuwa paa la leo lililoachwa litadai paa na ukuta baada ya miaka mitano.

Upande wa pili nao wanapaswa kufahamu mipaka ya silaha yao. Wanaposema “wenye nacho watozwe”, bila shaka wanafikiria kodi ya mapato. Kodi ya mapato na ushuru wa forodha ni mambo ya Muungano, na viwango vyake haviamuliwi Chukwani, kwenye Baraza letu la Wawakilishi. Kilicho mikononi mwetu zaidi ni VAT yetu, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 15 wakati Bara ni 18, pamoja na tozo za hoteli, ushuru wa stempu na nyenginezo zinazokusanywa na Mamlaka ya Mapato ya Zanzibar, ambayo wengi tuliizoea kwa jina lake la zamani la ZRB. Kuipandisha VAT ni rahisi kwa mkusanyaji, lakini mlipaji wake mkubwa, ukipima kwa kipato chake, si tajiri. Ni yule ambaye mshahara wote unakwisha dukani. Mimi ningetafuta kwanza wale wanaouza bila kutoa risiti, kabla ya kumwongezea mzigo yule ambaye tayari anatoa.

Mkitaka mfano wa kuwanyamazisha wanaoamini kuwa kodi ikiteremshwa pengo litajiziba lenyewe, upo Kansas, jimbo jengine la Marekani. Mwaka 2012 gavana Sam Brownback alitia saini sheria iliyoteremsha kodi ya mapato kwa kiasi kikubwa na kuiondoa kabisa kwa faida za aina nyingi za biashara ndogo. Mapato yalianguka, baadhi ya wilaya zilifunga skuli mapema mwaka 2015, kodi ya mauzo ikapandishwa mwaka huohuo hadi asilimia 6.5 ili kufidia, na mwezi wa Juni 2017 wabunge, wengi wao wa chama cha gavana mwenyewe, waliifuta sehemu kubwa ya sheria ile juu ya kura yake ya turufu.

SWALI: Mnazungumza kodi za wafanyabiashara na wenye mishahara. Sisi wa karafuu, mkulima halipi kodi?
Mkulima, Mkoani

JIBU: Umelipa, bwana, tena kwa miaka mingi, ila hukupewa risiti. Pale ambapo mnunuzi halali ni mmoja tu, yaani Shirika la Biashara la Taifa, tofauti kati ya bei ya soko la dunia na bei ya kituoni, baada ya kuondoa gharama, ni kodi hata kama haikuitwa hivyo katika kitabu cha bajeti. Wapemba waliijibu kodi hiyo bila ya kuandamana: mikarafuu ikaachwa bila kupaliliwa, na usiku karafuu zikavuka kwa mashua kwenda pwani ya Kenya. Serikali ikapata fungu kubwa la zao dogo. Bei ilipopandishwa sana mwaka 2011, magendo yalipungua na magunia yakarudi vituoni. Kila nikisikia mtu anasema kiwango kikiongezwa maradufu mapato nayo yatakuwa maradufu, namkumbuka nahodha wa mashua ile.

SWALI: Kwa nini mzigo wote usiwekwe kwa watalii? Wao wana fedha na hawapigi kura hapa.
Mfanyakazi wa hoteli, Nungwi

JIBU: Hiyo ndiyo kodi tamu kuliko zote kwa mwanasiasa yeyote, na tayari tunaila. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 kila mgeni mtu mzima kutoka nje ya nchi anatakiwa kukata bima ya safari ya dola 44 kupitia Shirika la Bima la Zanzibar, mbali na tozo zilizomo katika bei ya chumba. Sina tatizo na hilo kwa kiasi chake. Lakini mgeni anayechagua pa kwenda huwa ameweka mbele yake Mombasa, Mauritius na Maldives kwa pamoja, na hoteli yenu ikiona vyumba havijai haitapunguza faida ya mwenye nayo kwanza. Itapunguza zamu zako, dada au kaka, na itamwambia mvuvi wa Nungwi kuwa leo kamba wanatosha. Hapo kodi ya mgeni inakuwa imelipwa na mwenyeji.

Tena ukumbuke mwaka 2020, ndege zilipoacha kuja kwa sababu ya korona. Hakuna kiwango cha tozo kinachokusanya kitu kwenye chumba kitupu, na mishahara ya walimu na madaktari ilikuwa ikidaiwa kila mwisho wa mwezi kama kawaida. Katika mwaka wa neema, sehemu ya fedha za wageni ingewekwa akiba mahali pasipofikiwa na posho, ungekuwa mwanzo mzuri kuliko tozo mpya.