Kifafa kisichosikia dawa

SWALI: Mwanangu ana miaka 19, anaanguka kifafa tangu darasa la tatu. Kameza fenobabitoni, sasa kabamazepini, bado anaanguka. Ni kweli kuna upasuaji wa ubongo unaoongozwa na picha? – Mama wa Majengo, Moshi

JIBU: Kweli, mama, ila kwanza dawa. Kifafa huitwa sugu pale dawa mbili zinazofaa, kwa dozi ya kutosha na bila kuruka siku, zimeshindwa. Mara nyingi “usugu” ni dozi ndogo tu, au vidonge vilivyoisha kabla ya mwezi.

Kisha MRI (picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku) ya vipande vyembamba, milimita 1 hivi, hutafuta kovu kwenye hipokampasi, ndani ya ubongo usawa wa sikio. Mabaki makavu ya lava wa tegu wa nguruwe kwenye ubongo, ambayo nayo huleta kifafa, huonekana vizuri zaidi kwa CT (picha ya eksirei ya kompyuta). (Hutokana na mayai ya tegu kwenye chakula kichafu, si kitimoto chenyewe.) EEG (kipimo cha umeme wa ubongo) yenye video hunasa anguko likitokea. Picha na EEG zikionyesha sehemu tofauti, daktari makini hakimbilii kisu.

Upasuaji mmoja unaoongozwa na picha ni wa leza, yaani mwanga unaochoma: fuvu hutobolewa tundu la milimita chache, waya wa mwanga ukapelekwa hadi kwenye kovu. MRI hupima joto kila baada ya sekunde chache. Likipita nyuzi 50 hivi, tishu hufa. Waya ukipinda kidogo tu, kovu hubaki au njia ya kuona huungua, na mgonjwa asione tena vitu vya upande mmoja, kwa macho yote mawili. Upasuaji wa kufungua fuvu huponya wengi zaidi kidogo, ila kidonda ni kikubwa. Vyovyote vile, vidonge haviachwi siku ya kutoka wodini.