Wasomaji Wauliza: Nina stashahada ya kompyuta. Je, mwaka mmoja watosha kupata shahada?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni binti wa miaka 29, naishi Mwanza. Nilimaliza kidato cha nne nikiwa na C mbili na D nne, hisabati ikiwa mojawapo ya hizo D, kisha nikasoma chuo hadi nikapata stashahada ya teknolojia ya habari, NTA ngazi ya 6, kwa GPA (wastani wa alama) ya 3.4. Kwa miaka minne nimekuwa nikitunza kompyuta na mtandao wa hospitali ya shirika la dini, na ndimi niliyetengeneza kanzidata ya wagonjwa wa kliniki ya macho. Nafasi ya mkuu wa kitengo ilipotangazwa sikuitwa hata kwenye usaili, kwa sababu sina shahada. Sasa kuna wakala wa masomo aliyenionyesha kipeperushi cha kozi ya kujazia (top-up). Anasema kwa kuwa tayari nina ngazi ya 6, nimebakiza mwaka mmoja tu nipate shahada ya Uingereza kwa njia ya intaneti, na anataka malipo ya awali kabla ya mwisho wa mwezi. Je, ni kweli? Na kama si kweli nifanye nini, maana naona haya kurudi mwaka wa kwanza na kukaa na watoto waliotoka kidato cha sita juzi?

Msomaji wako, Nyakato, Mwanza.

JIBU: Marahaba, binti yangu. Usilipe chochote mwezi huu. Maelezo uliyopewa yamechanganya namba ya nchi moja na namba ya nchi nyingine, na mchanganyiko huo unaweza kukugharimu akiba ya miaka.

Ngazi ya 6 iliyoandikwa kwenye cheti chako ni ya Tanzania. Katika mpangilio wa tuzo za kiufundi wa nchi yetu, ndiyo hiyo NTA, ngazi ya 4 ni astashahada ya awali, ya 5 ni astashahada, ya 6 ni stashahada, ya 7 ni stashahada ya juu, na shahada ya kwanza iko ngazi ya 8. Uingereza wana mpangilio wao: ngazi ya 4 ni mwaka wa kwanza wa chuo kikuu, ya 5 ni mwaka wa pili, na ya 6 ni mwaka wa mwisho wa shahada. Kenya nao wameweka stashahada ngazi ya 6 na shahada ngazi ya 7. Kwa hiyo mtu mwenye ngazi ya 6 ya Uingereza ameshahitimu shahada, wala hana cha kujazia. Kama ngazi yako ya 6 ingekuwa ndiyo hiyo ya kwao, wakala huyo asingekuwa na kozi ya kukuuzia.

Kozi za kujazia zipo kweli, na si utapeli zenyewe. Shahada ya kwanza ya Uingereza (honours) ina krediti 360, yaani vipimo vya kazi ya masomo, krediti 120 kwa kila mwaka. Yeyote aliyekwisha kupata krediti 240 za ngazi ya 4 na ya 5, kwa mfano mwenye HND, tuzo ya ngazi ya 5 ya mfumo wa Uingereza, katika kompyuta, anaweza kuombewa nafasi ya mwaka wa tatu akamalizia zile 120. Kozi hizo ziliundwa kwa ajili ya watu hao. Stashahada yako haikujengwa kama theluthi mbili za shahada. Ilijengwa kukupa ufundi wa kazini, na pia kukupa haki ya kugonga mlango wa chuo kikuu. Atakayekwambia vinginevyo mwombe barua rasmi ya udahili, iliyoandikwa na chuo kikuu chenyewe baada ya kuiona transkripti yako, inayotaja mwaka utakaoanzia. Kipeperushi si barua.

Sasa tuangalie ulicho nacho mkononi, kwa sababu si kidogo. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, yaani TCU, inamtaka mwombaji wa shahada anayetumia stashahada awe na ufaulu wa masomo yasiyopungua manne ya kidato cha nne, kuanzia alama D, pamoja na GPA isiyopungua 3.0. Masharti hayo ya jumla umeyavuka. Linalobaki ni masharti ya kila programu, ambayo huchapishwa kwenye mwongozo wa udahili wa TCU kila mwaka, na hapo ndipo ninapokuomba usome taratibu ukiwa na kalamu. Baadhi ya programu za kompyuta huweka sharti la hisabati, nyingine huridhika na stashahada ya fani inayohusiana. D yako ya hisabati inaweza kukufungia mlango mmoja na kukuachia wazi mlango wa jirani, tena ndani ya chuo kilekile.

Kabla dirisha la maombi halijafunguliwa, pata namba ya uthibitisho wa tuzo yako kutoka NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi; namba hiyo waombaji wote huiita AVN. Bila namba hiyo, ombi la mwenye stashahada haliendi popote. Nalisisitiza hili kwa uchungu. Nilipokuwa nafundisha nilimsindikiza kijana mmoja hodari ambaye cheti chake cha kidato cha nne kilikuwa na majina matatu, ilhali chuo chake kilikuwa kimepeleka matokeo yake kwa majina mawili. Jina la babu ndilo lililokosekana. Alikwenda chuoni mara nne kuomba marekebisho, akaambiwa karani yuko likizo, akaambiwa faili limehama ofisi, na yaliporekebishwa dirisha lilikuwa limefungwa. Alipoteza mwaka mzima kwa ajili ya neno moja. Leo hii toa vyeti vyako vyote, viweke mezani sambamba, ulinganishe majina herufi kwa herufi.

Umeniambia unaona haya kurudi mwaka wa kwanza. Nakuelewa, maana mtu aliyeshika hospitali nzima kwa miaka minne hapendi kufundishwa jinsi ya kuwasha kompyuta. Lakini hebu tazama ile kanzidata ya kliniki ya macho. Muuguzi anapoandika namba ya mgonjwa, faili linatokea mara moja. Unajua kulifanya litokee. Je, unajua ni kwa nini linatokea haraka, na litaendelea kuwa haraka hadi lini? Chukua orodha ya wagonjwa 60,000 iliyopangwa kwa namba. Kompyuta ikianza na mgonjwa wa kwanza ikaenda mmoja mmoja, huenda ikapitia wote 60,000. Ikifungua katikati, ikaitupa nusu isiyohusika, kisha ikafungua katikati ya nusu iliyobaki, na kuendelea hivyo kama mtu anayetafuta neno kwenye kamusi, itampata mgonjwa kwa kufungua mara zisizozidi 16. Wagonjwa wakifika milioni moja haitazidi mara 20, kwa kuwa 2 ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe mara 20 inafika 1,048,576. Orodha imekua zaidi ya mara kumi na sita, kazi imeongezeka kwa hatua nne tu.

Hilo ndilo aghalabu stashahada huligusa juu juu, na shahada hukaa nalo: hisabati ya seti, mantiki na grafu, uwezekano, matriki, algoriti na gharama zake, mfumo endeshi unavyogawa kumbukumbu kwa programu zinazoigombania, namna maandishi ya programu yanavyogeuzwa kuwa lugha ya mashine. Watoto wa kidato cha sita watakuzidi kwenye hisabati katika semista mbili za mwanzo, na wewe utawazidi kwenye kila kitu kinachoguswa kwa mkono. Wengi wa wanafunzi wangu waliotoka kazini walianguka kwenye somo la hisabati kwa kulipuuza hadi wiki ya mtihani. Miezi hii ya kungoja udahili, tafuta mwalimu wa sekondari hapo Nyakato akufundishe logarithimu, matriki na uwezekano, jioni mbili kwa wiki. Hiyo ndiyo kozi ya kujazia ningekushauri uilipie kwanza.

Kuhusu mahali pa kusoma, kwa kuwa una kazi na kazi hiyo ndiyo itakayokulipia ada, ningeanza na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Chuo hicho kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 kwa ajili ya watu wasioweza kuacha kazi na makazi yao, na kina kituo huko huko Mwanza. Kusoma huria kunataka nidhamu kuliko darasa, kwa sababu hakuna atakayekuuliza mbona hukuja. Ukipenda darasa, uliza vyuo vyenye masomo ya jioni. Mkopo wa Bodi ya Mikopo usiutegemee sana, kwa kuwa mwongozo wake humlenga mwombaji asiye na kipato cha ajira rasmi.

Na kama bado moyo wako uko kwenye shahada ya Uingereza, njia ipo: ukamilishe kwanza tuzo ya ngazi ya 5 ya mfumo wao, ndipo ujazie. Hesabu miaka yake kwa ukweli; haitapungua sana kuliko ile mitatu ya shahada unayoikimbia. Kabla ya kulipa, iulize TCU kama chuo hicho na shahada hiyo vinatambulika hapa, kwa sababu TCU ndiyo inayotathmini tuzo za vyuo vikuu vya nje.

SWALI: Mimi nina stashahada ya sayansi ya kompyuta lakini GPA yangu ni 2.7. Je, nirudie stashahada nzima?

Msomaji, Singida.

JIBU: Usirudie. Chuo Kikuu Huria kina programu ya msingi inayowapokea wenye stashahada ya GPA isiyopungua 2.0. Ukipata humo GPA ya 3.0 kutoka masomo sita ya msingi, na angalau C katika masomo matatu ya fani unayoielekea, unaruhusiwa kuomba shahada. Chagua kundi la masomo la sayansi tangu siku ya kwanza, maana ukiingia kundi jingine kwa kuwa ni jepesi, hutapokelewa kwenye kompyuta.

SWALI: Mwalimu, salamu kutoka Likoni, Mombasa. Nilipata alama ya C katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari huku Kenya, nikakosa kuingia chuo kikuu moja kwa moja. Nikasoma diploma ya kompyuta ya shirika la mitihani la Uingereza, ngazi ya 4 kisha ya 5, jumla krediti 240. Nafanya kazi kwa kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Nimepata nafasi ya kujazia digrii kwa mwaka mmoja, kwa intaneti. Je, niingie, na Kenya wataitambua?

JIBU: Ndugu yangu, wewe ndiye mtu ambaye kozi hizi zilitengenezwa kwa ajili yake. Hata hivyo fanya mambo mawili kabla ya kutuma pesa. Kwanza, hakikisha kwamba jina litakaloandikwa juu ya cheti ni la chuo chenye mamlaka ya kutunuku shahada. Serikali ya Uingereza huchapisha orodha ya vyuo hivyo, na kituo cha hapa nyumbani kinachokufundisha hakiwezi kuwa badala yake. Pili, iandikie Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya Kenya, ambayo Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 imeipa kazi ya kutambua na kulinganisha shahada za nje. Utaje chuo, jina la programu, njia ya kusoma, pamoja na alama yako ya KCSE na diploma uliyopitia. Ngoja jibu la maandishi ulihifadhi.

Mwaka huo mmoja una uzito ambao vipeperushi havisemi. Krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi, hivyo krediti 120 ni saa 1,200. Ukizigawa kwa wiki 52 unapata saa 23 kila wiki, juu ya saa zako za bandarini na foleni ya feri. Kama chuo kinaruhusu miaka miwili, ichukue hiyo miwili, na wiki yako itashuka hadi saa 12 hivi. Tena, kwa kawaida daraja la shahada ya mtu aliyejazia hutokana na alama za mwaka huo peke yake, kwa hiyo somo moja ulilolifanya ukiwa umechoka halina miaka mingine ya kulifunika.

Sehemu moja kubwa ya mwaka huo ni mradi wa mwisho, ambao mara nyingi hubeba krediti 30 au 40. Usingoje kupewa orodha ya mada. Kaa mezani pako bandarini uandike ni karatasi gani hurudiwa kunakiliwa mara tatu na watu watatu, ni kontena gani zilichelewa kutoka na ni hati ipi iliyokosekana siku hiyo. Mwajiri akikuruhusu kwa maandishi kutumia kumbukumbu hizo baada ya kuondoa majina ya wateja, utakuwa na mradi wenye takwimu za kweli kabla masomo hayajaanza.